Kutafuta Sababu: Historia ya Uchunguzi wa Watoto Wanaozaliwa Wafu

Hadi mwisho wa Juni 1927, mtoto aliyezaliwa mfu nchini Uingereza hakuandikwa katika daftari la vizazi wala la vifo. Mbele ya sheria hakuwa amezaliwa, kwa hiyo hakuweza kufa. Sheria iliyoanza kutumika Julai 1 mwaka huo ilimfungulia daftari lake, mradi awe ametimiza wiki 28 tumboni. Naanza na daftari, si maabara, kwa sababu kifo kisichohesabiwa hakuna anayekitafutia chanzo.

Si kwamba kabla ya hapo hakuna aliyeuliza. Kule Edinburgh, daktari J. W. Ballantyne alichapisha mwaka 1902 kitabu kikubwa kuhusu maradhi ya mtoto aliye bado tumboni. Mwaka mmoja nyuma, hospitali ya uzazi ya mji huo ilikuwa imekubali rai yake ya kutenga kitanda kwa ajili ya wajawazito wagonjwa. Zama zile mwenye mimba alionana na daktari uchungu ukishamshika, kama alipata kuonana naye. Nje ya vitabu vya akina Ballantyne, lawama ilimwangukia mama: alishtuka, alibeba mzigo mzito, alivunja mwiko, alihusudiwa. Ulaya na Afrika zilifanana sana katika hilo.

Kisa kilichogeuza mambo kilitokea New York. Mwaka 1937 mwanamke wa miaka 25, mwenye mimba ya pili, alijifungua mtoto mfu na kupoteza damu nyingi. Akaongezewa damu ya mumewe, ambayo kundi lake lililingana na la mkewe kwa vipimo vya wakati ule. Badala ya kupata nafuu, mwili ulimtetemeka na akaanza kukojoa damu. Philip Levine na Rufus Stetson walichukua majimaji ya damu yake na kuyachanganya na damu za watu 104 wa kundi lilelile. Damu za watu 80 ziligandamana. Katika maelezo yao ya mwaka 1939 walipendekeza jambo ambalo halikuwa rahisi kulisadiki: mtoto alirithi kitu kwa baba, kikavuka kondo la nyuma na kuingia kwa mama, na mwili wa mama ukajenga kinga dhidi yake. Damu ya mume ilipoingia, kinga hiyo ikaishambulia.

Hawakukipa kitu hicho jina. Karl Landsteiner na Alexander Wiener ndio waliotangaza kipengele cha Rh mwaka 1940, na Levine akakihusisha waziwazi na vifo vya watoto mwaka uliofuata. Kufikia 1968 kulikuwa na sindano ya kuzuia mwili wa mama usijenge kinga hiyo, matunda ya kazi ya makundi mawili, la Liverpool na la New York. Ugonjwa uliokuwa ukifuata mimba baada ya mimba katika nyumba moja, watu wakiuita laana, sasa ulikuwa na kinga ya sindano.

Uingereza ilirudi kwenye kuhesabu mwaka 1958, ilipofuatilia uzazi wote wa wiki moja ya Machi, zaidi ya 17,000, na vifo vya watoto wachanga na wazaliwa wafu kwa miezi mitatu. Sigara ya mama ikajitokeza miongoni mwa hatari. Umaskini nao ulijitokeza, ingawa daktari Dugald Baird wa Aberdeen alikuwa ameshausema miaka mingi.

Kwetu Afrika Mashariki watu wenye Rh hasi, yaani wasio na kipengele cha Rh, ni wachache. Adui mkubwa zaidi alikuwa wa zamani: kaswende. Kipimo chake cha damu kilipatikana Ujerumani mwaka 1906, na penisilini ilionyesha uwezo wa kuitibu mwaka 1943. Hata hivyo, watafiti wa Mwanza walipochapisha matokeo yao mwaka 2002, baada ya kuchunguza wanawake 380 waliofika kujifungua bila kuwa wamepimwa, walikuta kwamba mwanamke 1 kati ya 4 wenye kaswende kali alijifungua mtoto mfu. Kwa wasio na ugonjwa ilikuwa 1 kati ya 100. Walikadiria kuwa miongoni mwa wanawake wasiopimwa, asilimia 51 ya vifo hivyo vilitokana na kaswende. Utafiti wao wa pili ulionyesha kuwa waliochomwa sindano moja ya penisilini hawakuwa katika hatari zaidi ya wanawake wasioambukizwa. Takwimu hizi zinanikera kuliko zote katika historia hii. Sayansi ilikuwa imemaliza kazi yake karibu miaka 60 kabla.

Kujua mtoto alifariki lini, wakunga wana kipimo chao kisichohitaji umeme. Mtoto aliyefia tumboni muda mrefu kabla ya kuzaliwa huwa ngozi yake imeanza kuchubuka. Aliyefariki wakati wa uchungu huzaliwa ngozi ikiwa nzima. Mwaka 1980 mwanapatholojia Jonathan Wigglesworth aliuingiza utofauti huo katika mpango wa kuainisha vifo unaoweza kutumika hata pasipo kupasua maiti. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilikadiria karibu wazaliwa wafu milioni 2 kwa mwaka duniani, zaidi ya asilimia 40 wakifariki wakati wa uchungu. Hapo kinachohitajika ni mtu wa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kilicho wazi usiku.

Kwa wanaofia tumboni mapema, swali bado ni gumu, na familia nyingi hazitaki mwili upasuliwe, na mazishi hayasubiri. Ndiyo maana mtandao wa utafiti wa CHAMPS, unaofanya kazi Kisumu na Siaya nchini Kenya pamoja na nchi nyingine za Afrika na Asia, hutumia sindano kuchukua vipande vidogo vya ini, mapafu na ubongo, kwa idhini ya wazazi. Kisha jopo la wataalamu hupanga mlolongo wa sababu, maana mara nyingi si moja: shinikizo la damu la mama, kondo lililochoka, mtoto aliyekosa hewa. Majibu hurudishwa kwa wazazi.