Tumaini Lisilongoja Amani: Paul Gerhardt na Majaribu Yake

Katika makanisa yetu shuhuda nyingi hutolewa na watu waliokwisha kuvuka: mgonjwa aliyepona, mfiwa aliyefarijika. Shuhuda hizo ni njema. Hata hivyo, zaweza kumfanya Mkristo aliye bado katikati ya dhiki adhani kwamba kumtumaini Mungu ni jambo la baadaye, mambo yakiisha kutengemaa. Maisha ya Paul Gerhardt, mchungaji wa Kilutheri na mtunzi wa nyimbo huko Ujerumani, yatufundisha vingine.

Gerhardt alizaliwa mwaka 1607 katika mji wa Gräfenhainichen. Vita ya Miaka Thelathini ilianza mwaka 1618, naye kufikia mwaka 1621 alikuwa amefiwa na baba na mama. Alikwenda Wittenberg kusoma theolojia mwaka 1628. Mwaka 1637 majeshi ya Sweden yaliuteketeza mji alikozaliwa. Hakupata usharika wa kuuchunga hadi mwaka 1651, akiwa na umri wa miaka 44.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi mwaka 1648. Lakini nyimbo zake 18 zilikuwa zimekwisha kuchapishwa mwaka 1647, katika kitabu cha Johann Crüger, mwalimu wa muziki wa Kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Berlin. Tofauti ni ya mwaka mmoja tu, bali maana yake ni kubwa. Nyimbo hizo hazikuwa shukrani ya mtu aliyekwisha kuokolewa. Zilitungwa na mtu ambaye hakujua vita itakoma lini.

Wala amani haikumletea raha. Alioa mwaka 1655, na kati ya watoto wake watano wanne walikufa wakiwa wadogo. Mwaka 1664 Friedrich Wilhelm, mtawala wa Brandenburg, aliwataka wachungaji watie sahihi ahadi ya kutowashambulia Wakalvini mimbarani. Gerhardt, aliyekuwa akihudumu Berlin tangu 1657, hakujulikana kwa maneno makali. Lakini aliona kuwa sahihi hiyo ingemwondoa katika ungamo aliloliapia alipobarikiwa. Alikataa, akaachishwa kazi mwaka 1666. Wenyeji wa Berlin walimwombea, na mapema mwaka 1667 akaruhusiwa kurudi bila kutia sahihi. Hata hivyo, mtawala alitazamia ashike yaliyomo katika amri ile. Dhamiri yake ilikataa, akaiacha nafasi hiyo mwenyewe. Mwaka 1668 mke wake akafariki.

Wako wanaomhesabu kuwa mkaidi, kwa maana mtawala naye alitafuta utulivu baina ya Wakristo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini tukubali au tukatae uamuzi wake, tumaini lake halikuwa hisia tupu. Lilimgharimu mshahara na makao.

Mwaka 1669 alihamia Lübben, akachunga huko hadi alipofariki mwaka 1676. Nyimbo zake mashuhuri zilikuwa zimekwisha kuchapishwa kabla ya hapo. Miaka ile ya mwisho haina ushindi wa kusimuliwa: ni mjane mwenye mtoto mmoja aliyesalia, akihubiri, akibatiza, akizika. Basi, ndugu mchungaji, usimdai mfiwa aimbe ili umwone ana imani. Yawezekana imani yake yote ni kule kuamka kesho yake na kuushika wajibu wake mbele za Mungu.