Jina la Sykes Lilikotoka

Muhula uliopita tulikuwa tukifundisha jinsi TANU ilivyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1954. Tulipowataja Abdulwahid na Ally Sykes, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili akauliza kama ndugu hao walikuwa na damu ya Kiingereza. Darasa lilicheka. Swali lenyewe lilikuwa halali, na jibu tulilompa siku ile lilikuwa fupi mno, ndiyo maana tunalirudia hapa.

Babu yao aliitwa Sykes Mbuwane, mtu wa upande wa Inhambane, kusini mwa Msumbiji. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Wissmann alikuwa akikusanya askari wa kupigana na Abushiri pwani ya Tanganyika. Wengi aliwapata Misri, nao walikuwa Wasudani. Wengine aliwatoa Msumbiji, na hao wakaitwa Wazulu. Mbuwane alikuwa miongoni mwao. Waingereza waliitwaa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo jina Sykes lilikwisha kufika miaka mingi kabla yao.

Familia husimulia kwamba Mbuwane alizama mtoni akirudi kutoka vita dhidi ya Mkwawa. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1894, alilelewa na Effendi Plantan, mkuu wa askari hao wa Kizulu. Kijana huyo aliitwa Kleist, jina la afisa wa Kijerumani. Alipigana upande wa Wajerumani, akafanya kazi reli wakati wa Waingereza, na mwaka 1929 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa African Association. Alifariki mwaka 1949. Bahati nzuri aliacha kumbukumbu alizoziandika mwenyewe, na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, akazitumia kuandika sura juu yake katika kitabu cha Modern Tanzanians (1973), kilichohaririwa na John Iliffe. Bila karatasi zile tungebaki na kubahatisha.

Linalotuvutia sisi walimu wa lugha ni namna jina lilivyoganda. Kwa desturi ya pwani mtoto hufuatwa na jina la baba: Kleist bin Sykes, Abdulwahid bin Kleist. Kwa kanuni hiyo, Sykes lingesogea nyuma kila kizazi hadi lipotee. Lakini karatasi za ofisi za Kizungu zilitaka jina la mwisho lisilobadilika, na tunavyoona sisi, hapo ndipo jina la mtu mmoja lilipogeuka kuwa la ukoo. Mbuwane, ambalo ndilo lenye asili ya kwao, likaachwa. Kwetu Uganda mambo ni kinyume: kwa Waganda, watoto wa baba mmoja huweza kuwa na majina mbalimbali, na anayefuata jina la mwisho peke yake hawezi kuwakusanya.

Mwanafunzi wetu, kumbe, ni Mnubi wa Bombo. Wazee wake walitokana na askari wa Kisudani walioletwa na Lugard mwaka 1891, nao pia walikuwa watu wa mbali waliofika na bunduki begani. Tumemwomba akae na babu yake, aandike majina ya vizazi vinne, na kando ya kila jina aandike nani alilitoa na kwa sababu gani. Akimaliza tutayachapisha, mzee akiridhia.