Maji ya Chupa: Protini Zake Zatoka Wapi?

Leo tutajifunza habari ya maji ya chupa, yaani maji yanayomzunguka mtoto tumboni mwa mama. Ndani yake mna protini. Je, ni za mama au za mtoto?

Wataalamu walilijibu swali hili kama mfugaji atambuavyo ng'ombe wake kwa alama. Ziko protini za damu zenye aina mbalimbali, na kila mtu hurithi aina yake. Mtoto aweza kutofautiana na mamaye. Zilipopimwa katika miaka ya 1970, ilionekana kwamba aina iliyomo katika maji ni ile ya mama. Basi nyingi hutoka katika damu ya mama, zikapenya ngozi nyembamba za chupa.

Lakini iko moja ambayo ni ya mtoto. Mwaka 1956 Bergstrand na Czar wa Sweden waliiona katika damu ya mtoto aliye tumboni. Huitwa alfa-fetoprotini. Hutengenezwa hasa na ini la mtoto, nayo huingia majini pamoja na mkojo wake.

Mwaka 1972, mjini Edinburgh, Brock na Sutcliffe waligundua jambo kubwa. Mtoto akiwa na mgongo wazi, au fuvu lisilofunga, protini hiyo huvuja pale palipo wazi, ikazidi mno majini. Hivyo maji yakawa shahidi.

Kupima ni kujua tu. Kinga ni bora. Mwaka 1991 uchunguzi uliofanywa katika nchi 7 ulionyesha kwamba asidi ya foliki, ikitumiwa kabla ya mimba na mwanzoni mwake, huzuia kiasi cha 7 kati ya kila 10 ya kasoro hizo kurudia kwa mama aliyekwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo. Mwaka 2011 Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubisho, pamoja na foliki, katika unga wa viwandani. Lakini sisi wa Nyololo twasaga mahindi yetu wenyewe katika mashine za kijijini, na mara nyingi unga huo hauongezwi kitu.

Tena, uti wa mgongo hufunga kabla ya siku 28 za mimba, mama hajajijua. Kwa hiyo anayetazamia kuzaa asingoje. Aende zahanati mapema kuuliza habari za vidonge vya foliki, na ale maharage na mboga za majani.

Maswali ya darasa:
1. Protini nyingi za maji ya chupa hutoka wapi?
2. Kwa nini kungoja mimba ionekane ni kuchelewa?