Kwa Nini Mashirika Yasiyolenga Faida Yapo? Nadharia za Uchumi na Historia ya Hospitali ya Mengo

Shirika lisilolenga faida linaweza kupata ziada, lakini haliwagawii wamiliki ziada hiyo. Kwa nini basi watu huyaanzisha mashirika ya namna hii? Insha hii inapima majibu matatu ya wataalamu wa Marekani kwa kutumia historia ya Uganda.

Kwa mujibu wa Burton Weisbrod (1975), serikali hutoa huduma zinazotakiwa na wapiga kura walio wengi. Wachache ambao mahitaji yao hayakutimizwa huanzisha shirika lao. TASO ni mfano mzuri. Mwaka 1987, Noerine Kaleeba na wenzake, wengi wao wakiguswa na UKIMWI wao wenyewe au katika familia zao, waliianzisha ili kuwahudumia wagonjwa waliotengwa na jamii.

Hata hivyo, nadharia hii haielezi Mengo. Daktari mmisionari Albert Cook alianzisha hospitali hiyo Kampala mwaka 1897. Wakati huo wananchi hawakuwa na kura, na Mulago, hospitali kuu ya serikali, ilikuwa bado haijajengwa. Serikali haiwezi kusemwa imeshindwa kazi ambayo haijaianza.

Lester Salamon (1987) aligeuza mpangilio huo. Kwake, wanaojitolea ndio hutangulia, na serikali huingia wanapoishiwa uwezo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Uganda: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, serikali ilitoa ruzuku kwa vituo vya afya vya makanisa.

Jibu la tatu ni la Henry Hansmann (1980), nalo linahusu uaminifu. Mgonjwa hawezi kupima mwenyewe ubora wa matibabu, kwa hiyo humwamini zaidi asiyegawana faida. Utafiti wa Ritva Reinikka na Jakob Svensson nchini Uganda unaunga mkono wazo hili kwa kiasi: vituo vya dini vilitoza ada ndogo kuliko vile vya faida. Lakini pia viliwalipa wahudumu wenye ujuzi mshahara ulio chini ya ule wa soko.

Kwa kuhitimisha, Salamon anaeleza vizuri zaidi jinsi Mengo ilivyoanza, na Hansmann kwa nini wagonjwa huendelea kuviamini vituo kama hivyo. Hata hivyo, unafuu anaoupata mgonjwa unalipiwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni muuguzi. Mwanahistoria asimsahau.