Robota Lililobaki Uani

Mama alipofariki, aliacha nguo za aina mbili katika nyumba yake pale Migori: zile alizovaa mwenyewe, na robota moja la mtumba, kilo 45, ambalo hakuwahi kulifungua. Zile za kwanza hazikuleta maneno. Sisi Waluo tuna siku ya keyo nyinyo, ambapo mali ya marehemu hugawiwa jamaa, na kila shangazi aliondoka na leso au sweta. Robota ndilo lililozua ubishi. Mama alikuwa amelinunua kwa mkopo wa chama, na chama kilikuwa kinangoja pesa zake. Nikapendekeza tuliuzie pale pale uani.

"Vitu vya marehemu haviuzwi mlangoni kwake," baba mdogo akasema. "Mnataka watu waseme nini?"

Siku hiyo sikuwa na jibu. Nilianza kulitafuta ndani ya robota lenyewe.

Hebu fikiria linakotoka. Kule Marekani, mtu akihama au akifa, jamaa zake huvitoa vitu nje, wakavipanga kwenye nyasi, wakabandika bei, majirani wakaja kuchagua. Nguo ambazo hazikupata mtu mara nyingi hupelekwa kwa mashirika kama Goodwill na Salvation Army. Huko nako huuzwa sehemu tu. Zinazobaki hununuliwa kwa kilo na wafanyabiashara, zikachambuliwa, zikakandamizwa kwa mashine na kupakiwa melini. Kwa hivyo huo mtush wako wa leo huenda ulikataliwa na majirani wa mtu, ukakataliwa tena dukani, ndipo ukafika Mombasa.

Watu wa huku walishuku mapema kwamba mwenye nguo hayuko hai. Watanzania waliziita kafa Ulaya. Ghana wanaziita obroni wawu, yaani nguo za mzungu aliyekufa. Nani mzima atoe koti zuri hivi?

Dani, mamake Mama, alikulia upande wa Homa Bay. Alipoona robota limekaa pale kwenye kona, alicheka kidogo. "Zamani tulikuwa tunaona yakitoka," akasema. "Sasa yanaingia."

Alikuwa anasema pamba. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na baadaye serikali ya kikoloni ikawasukuma wakulima wa Nyanza kupanda pamba kwa ajili ya viwanda vya Uingereza. Wengi hawakuipenda, maana bei ilikuwa duni na mahindi au simsim yalilipa vizuri zaidi. Hata hivyo, Homa Bay na Kendu Bay zilipata viwanda vya kuchambua pamba, na marobota yakawa yanaondoka. Baada ya uhuru, Kisumu ikapata kiwanda cha nguo cha Kicomi. Pamba ya ziwani ikaweza kuwa shati bila kuvuka bahari.

Miaka hiyo serikali ilibana uingizaji wa nguo kuukuu, na nyingi zilipita njia za panya. Mapema miaka ya 1990 soko likafunguliwa, mtumba ukamwagika. Kicomi ikafungwa katika muongo huo huo. Si haki kuulaumu mtumba peke yake, kwa sababu wakulima walikuwa wamechoka kucheleweshewa malipo, mitambo ilikuwa imezeeka, na nguo mpya za bei rahisi nazo zilikuwa zinaingia. Lakini mlango mmoja ulipofungwa Kisumu, mwingine ulifunguka kwa wanawake kama Mama. Alihitaji robota moja, turubai na mdomo.

Wakubwa wamejaribu kuufunga huo pia. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, serikali yao ikatishia kutunyima nafasi ya kuuza bidhaa zetu huko bila ushuru, na Kenya ikajitoa mwaka 2017. Rwanda ilikaza, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafasi hiyo. Halafu 2020, korona ilipoingia, Kenya yenyewe ilipiga marufuku mitumba hadi Agosti. Miezi hiyo Mama aliuza soksi zilizobaki, jozi moja moja.

Nilimrudia baba mdogo na hayo yote. Nikamwambia, "Baba, hata hizi huenda ni za marehemu. Tofauti ni kwamba huyo hatumjui." Alinyamaza sana. Mwishowe akasema, "Basi uzeni. Lakini nje ya ua, si mlangoni."

Tulifanya kama Mama alivyotufunza. Tulilifungua alfajiri, mbele ya mama wawili wa chama, mtu asije akasema tumeficha kitu. Tukachambua mafungu matatu. Kamera, yaani zile safi kabisa, tukazitundika kwenye hanga pale macho yanapofika kwanza. Za katikati tukazipanga kwa aina, za watoto mbali na za wakubwa. Zilizobaki tukazimwaga kwenye turubai, kwa sababu watu wanapenda kuchakura. Nambari ya M-Pesa tuliiandika kwenye katoni, na mfukoni nilikuwa na chenji, maana mteja ukimwacha akatafute chenji harudi.

Bei ya kamera hatukuigusa hadi saa sita mchana. Turubai lilianza na mia, likashuka hamsini, na jioni ndugu yangu akawa anaita, "Tatu kwa mia, mama, beba!" Kila pesa iliyoingia tuliandika kwenye daftari la Mama, chini ya mwandiko wake. Kufikia saa kumi na moja deni la chama lilikuwa limeisha, na elfu chache zilibaki.

Baba mdogo alikuja giza likianza. Alichukua koti la sufi ambalo lilikuwa limekaa siku nzima bila mtu, akaligeuza kola. Ndani mtu alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu, herufi kubwa, jina la Kizungu. Alilisoma kwa sauti ya chini, mara mbili. Nikamwambia achukue tu. Akakataa, akauliza bei.