Ndoa na Rangi katika Vuta N'kuvute

Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, huelezwa aghalabu kuwa ni hadithi ya kupinga ukoloni wa Waingereza Unguja. Hata hivyo, mhimili wake ni mwanamke. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, aliyempita mno kwa umri. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, naye anapata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma, mwanamke wa Kiafrika. Katika maisha hayo mapya anapendana na Denge, mpigania uhuru.

Utawala wa zama hizo uliwapanga watu kwa asili zao. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926, lakini Mwafrika wa kwanza hakuingia humo hadi 1946. Na katika uchaguzi wa 1957 wanawake hawakupiga kura. Kwa hiyo hatua ya Yasmin ya kuvuka mpaka wa rangi ni tendo la kisiasa, ijapokuwa halikuamriwa na chama chochote.

Mwaka 1970, miaka 6 baada ya Mapinduzi, wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, kwa hoja ya kufuta ubaguzi. Riwaya, ambayo wakati wake ni wa kabla ya hapo, hailitaji tukio hilo. Lakini inatoa kipimo cha kulihukumu. Yasmin alichagua, wasichana wale hawakuulizwa. Kuchanganya damu bila ridhaa ya mwanamke hakukuondoa dhuluma ya Bwana Raza, bali kulibadilisha mwozeshaji tu.