Muyaka na Waliomkumbuka

Wapenzi wengi wa ushairi hudhani kwamba jina kubwa la mtunzi wa kale ni tunda la ubora wa tungo zake, basi. Nami niliiamini dhana hiyo mpaka nilipoisoma historia ya diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy.

Muyaka aliishi Mombasa na kufariki yapata mwaka 1840. Katika uhai wake alikuwa sauti ya mji: alitunga juu ya mapenzi, njaa na safari, na zaidi ya yote juu ya uhasama wa Mombasa ya Wamazrui na mahasimu wake. Katika vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, Lamu ilishinda. Mwaka 1837 Seyyid Said akawaangusha Wamazrui wenyewe. Kwa hesabu ya siasa, basi, Muyaka alikuwa upande ulioshindwa mara mbili, ilhali Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, mshairi wa kambi ya pili katika majibizano yale, alikuwa upande ulioshinda Shela. Mwulize leo mwanafunzi wa Kiswahili: Muyaka atamtaja mara moja, na Mngumi huenda asimjue kabisa.

Tofauti hiyo haikuletwa na upanga, wala sidhani kwamba ililetwa na ufundi peke yake. Muyaka mwenyewe hakutuachia kitabu. Beti zake zilibaki vinywani mwa watu wa mji wake, na zingeweza kuzikwa pamoja nao. Zaidi ya miaka arobaini baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kwa wazee waliozikumbuka, naye mmisionari William Taylor akazihifadhi pamoja na maelezo ya Sikujua. Sikujua alifariki mwaka 1890. Diwani yenyewe ilichapishwa na William Hichens huko Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi! Kisha mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akaitoa upya jijini Nairobi, safari hii Muyaka akionekana kuwa mshairi wa umma, aliyeutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Beti ni zile zile, ila sifa yake imevishwa nguo nyingine.

Hata Ulaya mambo yalikwenda hivyo. Johann Sebastian Bach alifariki mwaka 1750, na kwa miaka mingi wajuzi wachache tu ndio waliozishika nota zake, hadi Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, alipoiongoza mbele ya watu wa Berlin kazi yake kubwa ya Mateso ya Yesu kwa Mathayo, mwaka 1829. Lakini Bach aliacha karatasi. Aliyenigusa mimi ni Sikujua, aliyeanza na masikio matupu.

Nasema hivi kwa kuwa naandika kutoka Endamarariek, ambako wengi wetu tulinena Kiiraqw kabla ya Kiswahili. Wazee wetu wanayo slufay, sala ya kishairi ambayo mzee mmoja huisema na waliohudhuria huitikia. Marehemu babu yangu alisifika kwayo. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimeketi kando yake likizo nzima, nikikariri mashairi ya pwani kwa ajili ya mtihani. Daftari lilikuwa mapajani. Sikumwandikia babu hata mstari mmoja, na leo nakumbuka kiitikio tu.

Mwaka jana nilimwendea mzee mwingine, jirani yetu. Alisema slufay yake taratibu ili kalamu imfuate, akisimama mara kwa mara kukohoa. Alipomaliza nilimwuliza aliipata kwa nani. Akataja watu watatu, ambao hata mmoja wao sikupata kumsikia, kisha akasema huyo wa tatu hana hakika naye. Nimewaandika wote watatu, juu ya ukurasa.